Donge la moyo, hasira zinazomwangukia asiyehusika, na wema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifundisha sekondari mkoani Tanga kwa miaka 26, na 11 ya mwisho nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi, wazazi, walimu wenzangu na majirani, na zaidi ya mara moja nimeulizwa na abiria aliyekaa pembeni yangu kwenye basi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowaliza watu.

Donge la moyo ni kitu gani hasa? Si hasira tu?

Hasira ni moja tu kati ya mengi. Kiswahili kina majina tele kwa jambo hili na kila jina lina mahali pake. Dukuduku ni neno linalokuwasha ulimini ila hujalisema. Kinyongo ni kosa la mwenzako ulilolitunza; yeye huenda hata hajui kwamba bado unalo. Simanzi ni huzuni iliyokwenda kukaa chini kabisa: mtu anafanya kazi zake, anacheka na watu, ila macho hayamo kwenye kicheko. Donge ni pale yote hayo yanapopanda kifuani au kooni. Mtu akikwambia "kuna kitu kimenikaba hapa", mtazame mkono wake. Ataushika palepale.

Huwa naanza na majina kwa sababu yana kazi. Mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake huko California walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au hofu. Waliotakiwa kuitaja hisia ile kwa neno, ile sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari ilitulia zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi akiniambia "nimekasirika tu, mwalimu", sikumwacha hapo. Nilimuuliza: umekasirika, au umeonewa? Umeaibika? Umehuzunika? Wavulana wengi waliosema hasira, tukichimba kidogo tulikuta aibu.

Nitajuaje kwamba nimejaza moyo?

Mara nyingi wa mwisho kujua ni wewe mwenyewe. Mwili hutangulia: usingizi unakatika saa tisa za usiku, kichwa kinauma kila jioni, tumbo linavurugika bila sababu, mabega yanakuwa kama umebeba ndoo. Halafu vinafuata vitu vidogo. Kijiko kikianguka unaruka. Mtu akichelewa kujibu ujumbe unaona amekudharau.

Niseme langu. Dada yangu mkubwa alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Nilihesabu sahani, nilituma vijana mkaa, nilipokea wageni wa kutoka Korogwe na Muheza, nilihakikisha wazee wamepata chai kabla ya dua. Watu walinisifu: mwanamke shupavu. Sikulia. Baada ya miezi mitatu, asubuhi moja, binti yangu wa darasa la sita akaiangusha chupa ya chai. Ile sauti ya kioo kupasuka ndani ya chupa, kisha chai ikawa inatiririka hadi chini ya kabati. Nilimpigia kelele mpaka jirani akaja mlangoni. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye alisimama tu, kitambaa cha kufutia mkononi, hafuti, ananitazama kama anatazama mtu asiyemjua.

Chupa ile ilikuwa ya shilingi elfu chache. Nilichokuwa nakililia hakikuwa chupa.

Kwa nini hasira humwangukia mtu asiyehusika?

Kwa sababu aliyehusika ana nguvu kuliko wewe, au hayupo, au amekufa. Bosi aliyekufokea huwezi kumfokea. Baba aliyewakimbia humjui hata anakaa wapi. Ila mtoto yupo, mke yupo, msichana wa kazi yupo, konda yupo. Hasira hutafuta mahali pa bei rahisi.

Shuleni nililetewa kijana wa kidato cha pili aliyempasua mwenzake mdomo kwa ajili ya kalamu. Kalamu ya wino, ile ya kawaida kabisa. Walimu walishaandaa adhabu. Nilimkalisha, nikampa maji, nikakaa kimya naye kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Hatimaye akasema kalamu ile ilikuwa mfukoni mwa shati la baba yake siku alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, amefunikwa. Shati walilitoa sadaka na kalamu akabaki nayo yeye. Hakuna mtu pale shuleni aliyejua hata kwamba amefiwa, kwa sababu ilitokea likizo na yeye hakusema.

Bado alimuumiza mwenzake, na aliomba radhi mbele ya darasa. Nilisimamia hilo. Lakini fikiria kama tungempa viboko tu na kumrudisha darasani.

Kujizuia si ndiyo ukomavu? Wazee walitufundisha kumeza.

Kuna kumeza na kuna kuahirisha, na watu wanayachanganya. Ukijizuia mbele ya mteja mkorofi, ukamaliza kazi, jioni ukamwambia mwenzako "leo nimetukanwa na imeniuma", hapo umeahirisha. Huo ni ukomavu kweli. Kumeza ni kujiambia kwamba hakuna kilichotokea.

Tatizo la kumeza ni kwamba uso hutulia na mwili hautulii. James Gross na Robert Levenson walilipima hili miaka ya 1990. Waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza na za kuhuzunisha na kuwaomba baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Walifaulu, nyuso zilikuwa kavu. Ila vipimo vya mwilini vilionyesha kwamba ndani walikuwa wanahangaika zaidi kuliko walioachwa huru.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila mwanandoa aujue. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake waliwakutanisha wanawake wasiofahamiana, wawili wawili, wakatazama filamu ya kuhuzunisha kisha wakaizungumzia. Kwa siri, mmoja wao aliambiwa afiche hisia zake. Presha ya yule mwingine, ambaye hakuambiwa lolote, ilipanda zaidi. Kwa hiyo mtu anayenuna kimya kimya sebuleni huku akisema "mimi sina neno" anawachosha wote waliomo ndani, na hawajui kwa nini wamechoka.

Basi nipige kelele, nivunje vyombo, nitoe yote?

Hapana. Hili nalo limeenea sana, watu wanasema "mwache apasuke atapoa". Mwaka 2002 Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwakasirisha wanafunzi kwa makusudi, kisha baadhi wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Hao ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, kuliko hata waliokaa tu bila kufanya chochote. Kutema nyongo ni kusema kilichokuuma. Kurusha sahani ni kufanya mazoezi ya kurusha sahani.

Mwanaume halii. Au analia?

Analia, ila tumemfundisha kulia kwa njia nyingine. Mvulana wa miaka mitano akianguka anaambiwa "nyamaza, wewe mwanaume". Akiwa na miaka 30 mkewe anamuuliza "mbona huongei?" na kila mtu anashangaa kwamba hana maneno. Angeyapata wapi?

Kijiweni kwenye kahawa wanaume wanazungumza mpira na siasa kuanzia magharibi hadi usiku, na mmoja wao anaweza kuwa amefukuzwa kazi wiki mbili zilizopita na hajasema. Kisha tunasikia habari mbaya na watu wote wanasema "jana tu tulikuwa naye, alikuwa mzima kabisa". Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kuna jambo moja limebadilika karibu nasi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Nililipokea kwa furaha, maana mtu aliyefika hapo anahitaji kitanda na mtu wa kukaa naye. Selo haimfai.

Kama una mwanaume wa namna hii nyumbani, usimkalishe mbele yako na kumwambia "haya, sema". Wengi huongea vizuri mikono ikiwa na kazi: mnapotengeneza uzio, mnapoosha gari, mnapotembea kwenda dukani. Niligundua hilo kwa marehemu baba yangu. Neno lake la kwanza kuhusu vita vya Kagera alilisema akiwa anakuna nazi, akinipa mgongo.

Wazee wetu walikuwa wanafanyaje, kabla ya washauri nasaha?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu hudhani kwamba kuongea hisia ni mambo ya kuiga.

Tazama msiba. Watu wanakuja kulala nyumbani kwa mfiwa, mikeka inatandikwa, na kulia kwa sauti ni ruhusa. Kila mgeni mpya anayeingia analia upya, na mfiwa analia naye, mara ya ishirini kwa siku hiyo. Zamani niliona ni kumchosha mfiwa. Sasa naona ni kazi inayofanywa. Mimi nilijificha jikoni, nikaikosa. Kwa Waislamu, mjane ana eda ya miezi 4 na siku 10, na kuna arobaini ya marehemu. Hakuna anayekuharakisha ndani ya siku hizo.

Tazama utani, ile ruhusa ya kabila moja kulifanyia jingine mzaha: Wanyamwezi na Wazaramo, Wachaga na Wapare, Wangoni na Wahehe. Wahehe na Wangoni walipigana kweli katika karne ya 19, damu ikamwagika, na leo mtani anaingia msibani kwa mwenzake, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, au anakaa kaburini anadai hatoki mpaka alipwe. Na mfiwa aliyekuwa hajala siku mbili anacheka huku analia. Ni nani aliyekaa akabuni dawa hii? Ningependa kumshika mkono.

Kisha kuna kungwi na somo, mwanamke ambaye binti anaruhusiwa kumweleza yale ambayo hawezi kumwambia mama yake. Na kanga. Pwani, mwanamke aliyeudhiwa na wifi yake hakulazimika kugombana. Alinunua doti yenye maneno "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", akajifunga, akapita uani mara mbili. Ujumbe ulifika. Nakubali kwamba kanga imeanzisha ugomvi mwingi kama ule iliouzima, na mafumbo yanaweza kuzunguka miaka kumi bila mtu kusema neno lenyewe. Hata hivyo ilikuwa njia ya kutokea. Wanaume hawakuwa na kanga.

Sina wa kumwambia. Nifanye nini?

Andika. Sisemi hivyo kwa kukufariji. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi wa chuo walioandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, pamoja na walivyojisikia, walitoka wakiwa na huzuni siku zile. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Andika kwenye daftari, usijali hati wala vituo, kisha ukitaka lichane. Ukilia, basi umefika.

Na mtu wa kumwambia huenda yuko karibu kuliko unavyodhani. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyeshindwa kurudi hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Mwaka 2006 akaanza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanzia, akawaweka kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Wenyewe kwa Kishona wana neno *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, na bibi hao walilitumia hilo badala ya maneno ya hospitali. Matokeo ya utafiti kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mfano huo umefika hata Zanzibar. Bibi mmoja, benchi moja.

Wema unaingiaje hapa?

Unaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa aliyejaa. Mtu mwenye donge hawezi kulifungua mahali asipojiona salama, na usalama huo huletwa na mtu, tena kwa vitu vidogo mno. Yule kijana wa kalamu aliniambia baadaye kwamba hakuongea kwa sababu ya swali langu. Aliongea kwa sababu nilimpa maji kwenye glasi ya walimu.

Ya pili ni kwa mtenda wema mwenyewe. Elizabeth Dunn na wenzake waliwapa watu dola 5 au 20 asubuhi, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mtu au watoe sadaka. Jioni waliotoa walikuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti. Hiyo ni mwaka 2008. Mtu aliyezama kwenye maumivu yake huwa anazunguka humo humo. Ukimpelekea jirani uji, kwa nusu saa umetoka.

Kwa nini basi hatufanyi zaidi? Tunaona haya. Tunadhani kitu chenyewe ni kidogo. Amit Kumar na Nicholas Epley walikwenda kwenye uwanja wa kuteleza barafuni huko Chicago, kukiwa na baridi, wakawapa watu kikombe cha chokoleti ya moto wampe mtu mwingine. Watoaji walikisia mpokeaji atafurahi kiasi gani, na walikisia kidogo kuliko furaha yenyewe. Nimeona hivyo hivyo kwa mama ntilie anayemwongezea kijana wa bodaboda mchuzi bila kuombwa. Kwake ni upawa mmoja. Yule kijana anausimulia kwa wenzake.

Mtu akiniambia yake, nimjibu nini?

Kidogo. Kiswahili kimetupa "pole", neno ambalo halimlaumu mtu wala halimpi mtihani. Lianzie hapo. Kisha: "Ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kinatisha, kivumilie.

Acha kabisa "wenzio wana makubwa kuliko hayo". Acha "jikaze" na acha kuanza kusimulia ya kwako. Hata "mshukuru Mungu", neno jema lenyewe, likija mapema mno linamfunga mtu mdomo, maana nani atabishana nalo? Na ukiambiwa siri, ife nawe. Nimeona mioyo iliyofunguka mara moja ikafungwa miaka mingi kwa sababu msikilizaji alipita kwa shoga yake jioni ile ile.

Je, sala na dua hazitoshi?

Sali. Mimi nasali. Lakini aliyevunjika mguu husali na kupelekwa kwa daktari, na hakuna anayemwambia imani yake ni haba.

Wema si ndiyo unaowafanya watu wakupande kichwani? Mume wangu ananipiga, naambiwa nivumilie ana msongo wa mawazo.

Msongo wa mawazo haupigi mtu. Watu wengi wana donge na hawamgusi mtu kwa ngumi, na huyo huyo anayekupiga hampigi bosi wake. Kumwelewa anakotoka hakukulazimu kukaa karibu na mkono wake. Ondoka kwanza uwe salama, mwambie mtu unayemwamini, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Anaweza kusaidiwa, lakini hatasaidiwa kwa mwili wako. Kama anayeumizwa ni mtoto, Tanzania na Kenya namba 116 ni ya bure.

Ni wakati gani niende hospitali?

Huzuni au kukosa hamu ya chochote ikipita wiki mbili mfululizo. Ukishindwa kula, kulala au kufanya kazi. Ukianza kunywa ili upate usingizi. Fikra za kufa zikija, nenda siku hiyo hiyo na usiende peke yako. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, watakupa rufaa. Wanaoogopa jina la hospitali za magonjwa ya akili, kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Butabika ya Kampala wajue kwamba wengi hutibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile, na sonona ina dawa na ina tiba ya mazungumzo.

Nimemwumiza mtu kwa hasira ambazo hazikuwa zake. Nimechelewa kuomba radhi?

Mimi nilichelewa siku tisa. Nilimkuta binti yangu uani anafua sare, nikainama kwenye beseni upande wa pili nikaanza kusuuza. Nikamwambia: "Siku ile ya chupa, hukukosa kitu. Nilikuwa namlilia mama yako mkubwa, sikujua." Sikuongeza "lakini na wewe uwe mwangalifu", ingawa lilikuwa ulimini.

Hakujibu. Alikamua soksi, akaianika, akachukua nyingine. Halafu akaniuliza mama mkubwa alikuwaje alipokuwa na umri wake, na tukafua mpaka adhuhuri.